Sikio la Mkejeli

Mchekeshaji wa siasa husifiwa kwa ulimi wake. Tunasema ana maneno, ana mdomo, haishiwi. Sifa hiyo haimtoshi. Nimetazama vipindi vya kejeli vya Marekani, vya Misri na vya kwetu, na kila ninapojiuliza kwa nini kimoja kinachoma na kingine kinasahaulika kabla ya kulala, jibu hunirudisha kwenye sikio. Anayemkejeli mtawala vizuri ni yule aliyemsikiliza kuliko wanaomshangilia, kuliko wapinzani wake, na mara nyingine kuliko mtawala anavyojisikiliza mwenyewe. Wasikilizaji hao wana ufundi, na ufundi huo unastahili kusifiwa kama tunavyousifu wa mhunzi na wa malenga.

Anza na saa yenyewe. Huko Marekani vipindi vikubwa vya aina hii hurushwa saa 5:35 usiku, baada ya taarifa ya habari. Mtazamaji anapofika hapo ameshaambiwa rais amesema nini na waziri amekanusha nini. Ameyasikia yote kwa kasi, moja likifukuza jingine. Kejeli ya usiku humpa nafasi ya kuyasikia mara ya pili, safari hii polepole. NBC ilianza kurusha The Tonight Show mwaka 1954, Steve Allen akiwa mtangazaji. Johnny Carson alikishika kipindi hicho kuanzia 1962 hadi 1992, miaka 30 ya kufungua usiku kwa vichekesho vifupi vilivyowachokoza wanasiasa wa vyama vyote viwili, kwa upole wa mtu anayejua kwamba wenyeji wake wako karibu kuzima taa.

London haikuwa na upole huo. Mwaka huo huo wa 1962, BBC ilianzisha That Was the Week That Was, David Frost akiongoza. Kikamshukia Waziri Mkuu Harold Macmillan na serikali yake kwa namna ambayo runinga ya Uingereza ilikuwa haijazoea. Mwisho wa 1963 shirika likakiondoa hewani, kwa maelezo kwamba 1964 ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Maelezo hayo ni sifa kubwa kuliko tuzo yoyote. Shirika zito la utangazaji lilikiri hadharani kwamba utani wa usiku unaweza kuwa na uzito kwenye sanduku la kura.

Ufundi wenyewe lakini hauko usiku. Uko asubuhi. Jon Stewart alipoichukua The Daily Show mwaka 1999, aliirithi kama kipindi cha kuchekea watu mashuhuri na vituko vya mitaani, akaigeuza kuwa ya kusoma siasa. Siku ya kazi ya kipindi cha namna hii huanza kwa waandishi kukaa pamoja na kupitia habari. Kundi jingine, ambalo mtazamaji halijui hata sura, kazi yake ni kutazama: hotuba, mahojiano, vikao vya Bunge, mijadala ya vituo vya habari, saa baada ya saa, wakiweka alama mahali ambapo mtu amesema jambo lisilolingana na alilosema jana. Mchana maneno huandikwa, hukatwa, huandikwa tena. Alasiri hufanyika mazoezi, na baada ya mazoezi mzaha uliochekesha asubuhi hutupwa kwa sababu umekwisha ladha. Jioni hadhira huingia, kamera huwaka. Tunachokiona usiku, mtu mmoja nyuma ya meza akizungumza kana kwamba mawazo yanamjia hapo hapo, ni kazi ya watu wengi ya kutwa nzima. Novemba 2007 waandishi wa runinga na filamu wa Marekani walipogoma, vipindi vya usiku vilikuwa vya kwanza kunyamaza. Mei 2023 walipogoma tena, vikanyamaza tena. Watangazaji walikuwapo, wazima wa afya. Walikosekana wenye kalamu.

Mfano mmoja wa mwaka 2003 unaonyesha ustadi wa kundi lile la watazamaji wasiojulikana. Marekani ilikuwa imeingia Iraq. Stewart akatangaza kwamba ataendesha mdahalo kati ya watu wawili: Gavana George W. Bush wa Texas, aliyekuwa akigombea urais mwaka 2000, na Rais George W. Bush. Kila alipouliza swali, mkanda wa gavana ulijibu kwamba majeshi ya Marekani hayapaswi kutumwa kujenga mataifa ya watu, na mkanda wa rais ukamjibu gavana kwa kueleza jinsi Iraq itakavyojengwa. Hapakutungwa neno hata moja la kumwekea Bush mdomoni. Kazi yote ilikuwa kukumbuka, kutafuta na kupanga. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Katika siasa njia hiyo huwa ndefu kweli kweli, maana umma husahau na vyombo vya habari hukimbilia lililo jipya. Mtunza kanda ndiye anayeifupisha.

Stephen Colbert alikwenda hatua nyingine. Kuanzia Oktoba 2005 hadi Desemba 2014 aliigiza mtangazaji wa mrengo wa kulia mwenye jina lake mwenyewe, Stephen Colbert, mtu asiye na shaka na lolote na asiyependa kusumbuliwa na ushahidi. Kinaya cha namna hiyo, usiku nne kwa juma, hakiwezekani kwa mtu anayemdharau anayemwiga. Ni lazima ujue anavyopumua kabla ya kudanganya, anavyogeuza swali kuwa tusi dhidi yake, anavyoitumia bendera kuziba tundu la hoja. Tarehe 29 Aprili 2006, kwenye chakula cha jioni cha waandishi wa habari wa Ikulu ya Marekani, alipanda jukwaani akiwa ndani ya mhusika huyo, Rais Bush akiwa ameketi hatua chache tu kutoka kwake, akamsifu. Alimsifu kwa kuamini Jumatano kile alichokiamini Jumatatu, hata kama Jumanne kulitokea jambo. Akawageukia waandishi wenyewe na kuwashukuru kwa miaka yao ya kutouliza. Ukumbi ulicheka kidogo. Nje ya ukumbi, mkanda ule ulitazamwa kila kona. Wenyeji walikuwa wamezoea mchekeshaji anayewasugua mgongo. Huyu alikuwa amewasikiliza.

Kazi yake iliyonivutia zaidi, hata hivyo, ilikuwa ya kisheria. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Citizens United, kwamba makampuni na vyama vya wafanyakazi vinaweza kutumia fedha bila kikomo katika chaguzi, mradi matumizi hayo yasipangwe pamoja na mgombea. Magazeti yalieleza, wasomi walieleza, na wananchi wengi hawakuelewa. Colbert akaenda Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho mwaka 2011, akaomba kuanzisha mfuko wake wa kampeni wa aina hiyo, akaruhusiwa. Akachangisha fedha za kweli, zaidi ya dola milioni moja. Hewani aliketi na wakili Trevor Potter, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa tume hiyo hiyo, akawa anamuuliza kwa unyenyekevu wa mwanafunzi: je, naweza kufanya hivi? Unaweza. Na hivi, bila kutaja waliotoa fedha? Unaweza pia. Wakili alisoma sheria ilivyo. Mapema 2012 Colbert alipojifanya anafikiria kugombea urais, akalazimika kuukabidhi mfuko kwa mtu asiyeshirikiana naye, na mtu huyo akawa Jon Stewart, rafiki yake na mshirika wake wa biashara. Sheria iliruhusu. Kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Peabody, na sidhani kama kuna mhadhara wa sheria ya uchaguzi uliowahi kuwafikia watu wengi kiasi hicho.

John Oliver naye, tangu 2014 kwenye HBO, amechagua kusikiliza yale ambayo watu wote huacha kusikiliza kwa sababu yanachosha: bima, rufaa, kodi, leseni, kanuni za intaneti. Aligundua kwamba uchoshi ni maficho mazuri. Jambo likiandikwa kwa lugha ya kulaza usingizi, wanaolifaidi hulala salama. Mwaka 2014 alipoeleza kanuni za usawa wa mtandao, akawaomba watazamaji watume maoni kwa tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, mfumo wa kupokea maoni ulizidiwa. Juni 2016 alionyesha jinsi madeni ya hospitali yanavyouzwa kwa bei ya kutupa kwa wakusanyaji wanaowasumbua wagonjwa maskini. Akaanzisha kampuni yake, akanunua madeni ya karibu dola milioni 15 kwa dola zisizofika 60,000, akayafuta. Watu wapatao 9,000 wakaamka hawadaiwi. Hapo kichekesho na hati ya biashara vilikuwa kitu kimoja.

Kwetu Afrika Mashariki ufundi huu una mizizi isiyohitaji umeme. Katika utani wa makabila ya Tanzania, mtani hufika msibani na kumsema marehemu mbele ya wafiwa: ubahili wake, madeni yake, alivyokimbia kazi ya kulima. Anaweza kujilaza kaburini mpaka alipwe. Hakuna anayemkasirikia, na sababu ni mbili. Kwanza ana ruhusa ya jadi. Pili, anamjua marehemu. Mtani asiyejua habari za ukoo hana cha kusema, na akizua huonekana mpuuzi. Ruhusa bila ujuzi haimfikishi popote.

Ruhusa hiyo haikuvuka kwa urahisi kwenda kwenye siasa. Mwisho wa 1977 mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini bila kesi baada ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda kuchezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Kwa miaka mingi baadaye taarifa ya habari ya Kenya ilifunguliwa kwa Mtukufu Rais: alikosali, alikohutubia, aliyempa mkono. Kwa hiyo vijana watatu waliotoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walipoanza kumwigiza Daniel arap Moi mwishoni mwa miaka ya 1990 katika kundi la Redykyulass, nchi ilishika pumzi kabla ya kucheka. Wakenya wote walikuwa wameisikia sauti ile kila siku ya maisha yao. Hawa watatu ndio walioisikiliza: ule uzito, ule mkwaruzo, fimbo iliyoinuliwa, tamko la kawaida linalogeuka onyo. Sauti iliyokuwa ikitisha ikawa sauti ambayo mtoto anaweza kuiiga akiwa anatoka shuleni. Moi aliondoka madarakani mwaka 2002 kwa uchaguzi na kwa katiba, wala sisemi kwamba aliondolewa na wachekeshaji. Nasema kwamba hofu ilikuwa imepungua kabla hajaondoka.

Uigaji wa sauti una mtego wake, nao ni lafudhi. Mwigizaji mvivu humchukua kiongozi, akampa matamshi ya kabila lake, watu wakacheka, kazi ikaisha. Lakini hapo hajamkejeli kiongozi. Amemkejeli kila mama sokoni anayezungumza hivyo. Fundi hutafuta kilicho cha mtu huyo peke yake: neno analokimbilia akibanwa, ahadi anayoirudia kila uchaguzi, kicheko anachokitoa panapotakiwa jibu.

Godfrey Mwampembwa, Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyechora vibonzo vya Nation ya Nairobi tangu 1992, aliupeleka ufundi huo kwenye vikaragosi. Mwaka 2009 The XYZ Show ilianza kwenye Citizen TV, ikifuata nyayo za Spitting Image ya Uingereza na Les Guignols de l'info ya Ufaransa. Kikaragosi cha namna hii huanza na udongo wa mfinyanzi. Uso huchongwa, kalibu hutengenezwa, mpira laini humiminwa, kisha rangi, nywele, macho. Mchongaji naye ni msikilizaji. Husikiliza kwa macho. Anatakiwa kuamua ni kipi katika uso ule kinachobeba tabia: kope nzito, shavu, kidevu kinachotangulia mwili. Akizidisha kisicho chake, uso hautambuliki. Akikosa kuzidisha, amechonga sanamu ya heshima. Mwai Kibaki na Raila Odinga, waliokuwa wakigawana serikali baada ya umwagaji damu wa uchaguzi wa 2007, wakawa na ndugu zao wa mpira wakigombana mezani mbele ya taifa. Katika nchi iliyokuwa imetoka kuuana kwa ajili ya viongozi hao, kuwaona wote wakichekwa kwa kipimo kimoja lilikuwa jambo la afya.

Cairo nako alitokea daktari wa upasuaji wa moyo, Bassem Youssef, aliyeanza na video za mtandaoni mwaka 2011 baada ya Hosni Mubarak kuanguka, akaishia na kipindi kilichotazamwa na mamilioni. Mbinu yake ilikuwa ya Stewart: cheza mkanda wa kiongozi, nyamaza, tazama kamera. Machi 2013, chini ya Rais Mohamed Morsi, mwendesha mashtaka alimwita. Akaenda amevaa kofia kubwa kupindukia, mfano wa ile ambayo rais alivishwa alipotunukiwa shahada ya heshima Pakistan. Morsi akapinduliwa, jeshi likashika hatamu, na Youssef akadumu hewani kwa muda mfupi tu. Juni 2014 alitangaza kwamba kipindi kimekwisha. Tawala mbili zilizochukiana ziliafikiana juu ya jambo moja, kwamba mtu huyu anasikia sana.

Hapo ndipo ninapouelewa ukali wa wenye madaraka. Matusi wanayavumilia, hupigiwa kelele kila siku na hulala. Wanachoshindwa kukivumilia ni kusikiwa sawasawa. Dar es Salaam, mwaka 2020, mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kusambaa video ambamo alikuwa akiicheka picha ya zamani ya Rais John Magufuli. Hakuwa amesema sana; alikuwa amecheka. Marekani nayo, iliyozoea kujiona haina habari hizo, imeonja. Julai 2025 CBS ilitangaza kwamba The Late Show, kipindi cha Colbert cha baadaye, kingefungwa Mei 2026. Kituo kilisema sababu ni fedha. Siku chache kabla, Colbert alikuwa ameilaumu hewani kampuni mama ya CBS kwa kukubali kulipa dola milioni 16 kumaliza kesi iliyofunguliwa na Donald Trump. Septemba mwaka huo ABC ilimsimamisha mtangazaji wake wa usiku, Jimmy Kimmel, kwa maneno aliyoyasema baada ya kuuawa kwa mwanaharakati wa kihafidhina Charlie Kirk, saa chache baada ya mwenyekiti wa tume ya mawasiliano kutoa onyo hadharani. Alirudi ndani ya juma moja, baada ya watazamaji na wasanii kupiga kelele.

Methali yetu husema akutukanaye hakuchagulii tusi. Ndiyo tofauti kati ya mtukanaji na fundi ninayemsifu. Fundi huchagua. Humwacha mtoto wa kiongozi, huuacha ulemavu wake na dini yake, hushika uamuzi wake. Pia hujua kikomo cha kazi yake. Kicheko hakipitishi muswada wala hakihesabu kura. Mtu anaweza kucheka kila usiku kwa miaka kumi, akajiona amepinga, kumbe ameburudika tu. Stewart mwenyewe alionyesha hivyo kwa vitendo: alipotaka fedha za matibabu kwa wazima moto waliougua baada ya Septemba 11, 2001, hakuishia kutania. Juni 2019 alikwenda mbele ya kamati ya Bunge, bila mzaha, akazungumza kwa hasira mbele ya viti vingi vitupu.

Sasa runinga inazeeka, na ufundi umehamia kwenye simu. Vijana wa Kenya walipomwita William Ruto Zakayo, mtoza ushuru wa Biblia aliyepanda mkuyu, na kumtaka ashuke, wakati wa upinzani dhidi ya Muswada wa Fedha wa 2024, hawakuhitaji studio. Walikuwa wameusoma muswada, wamevipitia vifungu, wamemsikiliza rais anayependa kunukuu Maandiko, wakamjibu kwa Maandiko. Huo ni utani wa kiwango cha juu.

Lakini simu hiyo hiyo leo inaweza kumtengenezea kiongozi sauti ambayo hakuitoa na mkanda ambao haukurekodiwa. Wako wanaoiita hiyo kejeli. Mimi siiiti hivyo. Thamani yote ya mdahalo wa Bush na Bush ilikuwa katika ukweli kwamba Bush aliyasema yote mawili. Siku tutakapozoea mikanda ya kubuni, mwongo atapata kinga bora kuliko polisi: atasema kila mkanda ni wa kubuni, nasi hatutakuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo kijana unayetaka kuwa mkejeli wa siasa, usianze na mzaha. Itazame hotuba nzima, hata sehemu zinazolaza. Andika tarehe. Tafuta alichokisema mtu huyo huyo mwaka aliokuwa akiomba kura. Kisha utuchekeshe, na ukiulizwa ushahidi, uwe nao.